Pesa ya Inua Jamii Imechelewa? Jua Kwanza Imekwama Wapi

"Bado haijaingia." Wiki ambayo serikali imetangaza malipo ya Inua Jamii, maneno haya utayasikia nje ya benki, kwa wakala wa pesa na kwenye baraza la chifu. Mwenye simu anaangalia salio mara tano kwa siku. Asiye na simu anamtuma mjukuu aulize. Jirani amepata, yeye hajapata. Au hakuna aliyepata, na hakuna anayejua ni kwa nini.

Makala hii ni ya huyo anayengoja. Tunataka akimaliza kuisoma aweze kujibu swali moja: pesa imechelewa kwa watu wote, au ni jina lake tu limesimama? Kuchelewa kwa wote huisha serikali inapotoa pesa, hata usipoenda popote. Lakini jina likisimama, haliondoki hapo mpaka mtu aende ofisini akatatue shida. Wengi hupoteza pesa kwa kuchanganya mambo haya mawili. Kuna anayekimbia mjini kila wiki wakati nchi nzima inangoja. Na kuna anayetulia nyumbani mwaka mzima akidhani serikali imechelewa, kumbe majirani wamelipwa mara nne na yeye ameachwa nje.

Inua Jamii ni pesa ya nani?

Inua Jamii ni mpango wa serikali wa kusaidia familia zenye uhitaji kwa pesa taslimu. Unasimamiwa na idara ya serikali inayohusika na ulinzi wa jamii, iliyo chini ya Wizara ya Leba. Ndani yake kuna makundi matatu makubwa. La kwanza ni familia zinazolea mayatima na watoto walio katika hali ngumu. Mpango huo ulianza mwaka 2004 kwa majaribio, ukiwa na familia 500 tu kutoka Nairobi, Kwale na Garissa. La pili ni wazee, na tangu mwaka 2018 mlango umefunguliwa kwa waliotimiza miaka 70. La tatu ni watu wenye ulemavu mkubwa wanaohitaji kuangaliwa na mtu kila siku.

Kuna pia mpango wa kukabiliana na njaa kaskazini mwa nchi, ulioanzia Turkana, Marsabit, Mandera na Wajir. Huo unaendeshwa na Mamlaka ya Taifa ya Kudhibiti Ukame. Una ratiba yake na kiwango chake, kwa hivyo usilinganishe tarehe za huko na zako.

Katika yale makundi matatu, malipo ni Ksh 2,000 kwa mwezi. Kwa miaka mingi pesa ilitolewa kila baada ya miezi miwili, Ksh 4,000 kwa mara moja, ingawa siku hizi utasikia pia malipo ya mwezi mmoja mmoja. Familia zinazolea mayatima zimekuwa zikipokea hizo Ksh 2,000 tangu mwaka wa fedha wa 2011/12. Kiwango hakijaongezeka, na bei ya unga, sukari na mafuta ya taa tangu wakati huo unaijua mwenyewe.

Watu wengine husema hii ni pesa ya wasiofanya kazi. Hilo si kweli. Tembelea familia inayolea mayatima uone. Nyanya anapalilia shamba la mtu kwa siku. Shangazi anafua nguo mtaani. Mama anauza omena jioni baada ya kutoka kibaruani. Wanafanya kazi, lakini kazi yenyewe ni ya leo ipo, kesho haipo. Ile Ksh 2,000 inaziba pengo la siku ambazo kibarua hakikupatikana. Ndiyo maana ikichelewa, shida inaonekana mara moja: mtoto anarudishwa nyumbani kwa sababu ya pesa ya chakula cha shule, dawa ya mzee inakatika, duka linakataa kuandika deni lingine.

Njia ambayo pesa inapita

Ukijua njia ya pesa, utajua pia ni ofisi gani ya kuuliza. Kwa ufupi, inapita hivi.

Kwanza, Bunge linapitisha bajeti. Mwaka wa fedha wa serikali huanza tarehe 1 Julai na kuisha tarehe 30 Juni. Kuwa kwenye bajeti hakumaanishi pesa iko tayari. Ni ahadi kwamba itatolewa ikipatikana.

Pili, Hazina ya Kitaifa inatoa pesa kutoka kwa mfuko mkuu wa serikali. Chini ya kifungu cha 228 cha Katiba, pesa hiyo haiwezi kutoka mpaka Msimamizi wa Bajeti aidhinishe. Hapa ndipo kuchelewa kwa wote huzaliwa mara nyingi. Ushuru uliokusanywa ukiwa mdogo, Hazina ina mishahara, madeni ya nchi na pesa za kaunti zinazongoja kwenye foleni moja. Inua Jamii nayo iko kwenye foleni hiyo.

Tatu, idara ya ulinzi wa jamii inatayarisha orodha ya wanaolipwa katika mzunguko huo. Orodha hii hubadilika. Kuna majina yanayoongezwa, kuna yanayotolewa kwa sababu mtu amefariki au mtoto amekua, na kuna yanayosimamishwa kwa muda kwa sababu taarifa hazilingani. Jina lako likiwa na tatizo, linabaki nje hapa, hata Hazina ikiwa imetoa pesa yote.

Nne, pesa inatumwa kwa benki au kwa simu, kulingana na njia uliyosajiliwa nayo.

Tano, wewe unatoa pesa.

Sisi kama kampuni ya malipo tuko karibu na mwisho wa safari hii. Tunaweza kuangalia kama kuna pesa iliyotumwa kwa laini yako na kama ilirudi. Hatuoni orodha ya serikali. Mhudumu wetu hawezi kukuambia kama jina lako liko ndani au limetolewa, na hawezi kulirudisha. Tunasema hivi wazi ili usimalize airtime yako kwa kutupigia jambo ambalo liko kwenye ofisi nyingine.

Uliza kwanza: ni sisi sote, au ni mimi?

Kabla ya kupanda matatu, jiulize maswali matatu.

Je, malipo yametangazwa? Idara husema hadharani malipo yanapoanza, na chifu pamoja na wazee wa mtaa huarifiwa. Kama hakuna tangazo, hata mtu mwingine hajalipwa. Subiri.

Tangazo linasema ni malipo ya miezi gani? Hapa watu wengi hukosea. Pesa ikitolewa Mei inaweza kuwa ya Januari na Februari. Anayepokea Ksh 4,000 anadhani amemaliziwa yote, na mwingine anadhani amekatwa. Andika kwenye daftari: tarehe uliyopokea, kiasi, na miezi iliyotajwa. Miezi ambayo haijatajwa popote ndiyo unayodai.

Majirani wa kundi lako wamepata? Ukiwa unalea mayatima, uliza mwingine anayelea mayatima, usiulize mzee wa miaka 70. Na uliza anayelipwa kwa njia kama yako. Wa benki anaweza kupata Jumatatu na wa simu akapata Alhamisi. Ukiuliza watu watatu au wanne wa kundi lako na wote wamepata, na wiki mbili zimepita, basi si serikali imechelewa. Ni jina lako limesimama, na huu ndio wakati wa kwenda ofisini.

Mambo yanayosimamisha jina moja

Mlezi amebadilika. Katika familia zinazolea mayatima, pesa huja kwa jina la mlezi. Nyanya aliyesajiliwa akifariki, au mama akienda kufanya kazi mbali na kuacha watoto na dada yake, watoto bado wana haki, lakini jina lililo kwenye orodha si la mtu anayewalea. Wakati wa usajili, familia huulizwa pia mpokeaji wa pili. Kama hamkumtaja, au naye hayupo, mlezi mpya lazima asajiliwe. Hii ni moja ya sababu zinazochukua muda mrefu zaidi, kwa hivyo usingoje matanga yaishe ndipo uanze. Kusanya barua ya chifu, cheti cha kifo au kibali cha mazishi, vyeti vya kuzaliwa vya watoto na kitambulisho cha mlezi mpya.

Na hapa tuseme jambo gumu. Wakati mwingine familia huendelea kutoa pesa kwa kadi au laini ya marehemu, wakiogopa kwamba wakisema, watoto watakatwa. Ikijulikana baadaye, kwa serikali inaonekana kama wizi, na watoto wanaweza kubaki bila kitu huku mlezi akiulizwa maswali. Ni afadhali kukosa mizunguko miwili mkibadilisha jina kuliko kupoteza nafasi yenyewe.

Mtoto ametimiza miaka 18. Mpango wa mayatima ni wa walio chini ya umri huo. Kama nyumbani kuna wadogo zake, hakikisha majina yao yako kwenye taarifa za familia, kila mmoja na cheti chake cha kuzaliwa. Familia zenye mtoto mmoja tu aliyeandikwa hujikuta zimetolewa, ilhali kuna wadogo watatu ambao hawakuwahi kuandikwa.

Jina na kitambulisho havilingani. Kitambulisho kinasema Mwanaisha, orodha inasema Mwanaesha. Au tarakimu moja ya namba ilikosewa siku ya usajili. Kwa binadamu hilo ni jambo dogo, lakini kompyuta inamkataa mtu.

Laini si yako. Wengi walipeana namba ya mtoto au ya jirani kwa sababu hawakuwa na simu. Malipo ya simu yanahitaji laini iliyosajiliwa kwa kitambulisho chako mwenyewe. Jina la laini likitofautiana na la orodha, pesa inaweza kurudi ilikotoka. Na laini isiyotumika kwa miezi mingi inaweza kufungwa na kampuni ya simu, kisha baadaye kupewa mtu mwingine.

Akaunti imelala. Pesa ikiingia mzunguko baada ya mzunguko bila kuguswa, serikali huanza kushuku kwamba mpokeaji hayuko hai au amehama. Malipo yanaweza kusimamishwa na pesa kurudishwa. Ndiyo maana wazee huambiwa wajitokeze kuthibitisha kwamba wako hai. Kama mzee ni mgonjwa na hawezi kutoka kitandani, usikae kimya. Mwambie chifu au afisa wa jamii mapema, kabla siku ya uthibitisho haijapita, ili watafute njia ya kumfikia.

Kufuatilia nako kuna gharama

Ukiwa mtu wa kibarua, kufuatilia pesa kunakugharimu siku ya kazi. Tufanye hesabu. Tuseme kibarua chako ni Ksh 400 kwa siku, na nauli ya kwenda mjini na kurudi ni Ksh 200. Kila ukienda kuuliza, umetumia Ksh 600. Ukienda mara tatu, ni Ksh 1,800. Karibu malipo ya mwezi mzima yameisha kwa kuyafuata, na huenda siku zote tatu jibu lilikuwa, "Rudi wiki ijayo."

Kwa hivyo, panga safari moja na uifanye iwe ya maana.

Kwanza anzia karibu. Chifu, naibu wa chifu na kamati ya wanufaika ya eneo lako wanaweza kujua kama malipo yametoka, bila wewe kulipa nauli. Ukitambua kwamba tatizo ni la jina lako, nenda kwa afisa wa maendeleo ya jamii wa kaunti ndogo, au kwa afisa wa watoto kama ni mpango wa mayatima. Omba majirani wenye shida kama yako mwende pamoja, au mmoja abebe karatasi za wote kwa mara ya kwanza aulize kinachohitajika.

Siku unayoenda, beba kitambulisho na nakala yake, kadi ya benki au simu yenye laini iliyosajiliwa, daftari lako la malipo, na karatasi za watoto. Ukifika, usiseme tu "pesa haijaingia." Sema: "Nilipokea mara ya mwisho tarehe fulani, ya miezi fulani. Wenzangu wa mpango huu wamelipwa wiki mbili zilizopita. Naomba kujua kama jina langu liko kwenye orodha, na kama limesimamishwa, ni kwa sababu gani." Swali la namna hiyo haliwezi kujibiwa kwa "rudi wiki ijayo."

Kisha usiondoke bila vitu vitatu: jina la afisa aliyekuhudumia, tarehe, na namba ya malalamiko au nakala ya barua iliyogongwa muhuri. Ukirudi tena utaanzia hapo, na hutaeleza upya kutoka mwanzo kwa mtu mwingine.

Mkopo wa kungojea

Pesa ikichelewa, watoto hawaachi kula. Kwa hivyo watu hukopa, na hatuwezi kukuambia usikope. Tunachoweza ni kukuonyesha hesabu.

Chukua mkopo wa simu wa Ksh 2,000 wenye ada ya asilimia 7.5 kwa mwezi. Ada ni Ksh 150. Pesa ya serikali isipokuja mwezi huo, unalipa kwa kukopa tena, na ada nyingine ya Ksh 150. Mwezi wa tatu, tena. Malipo ya miezi mitatu yakija pamoja, Ksh 6,000, tayari Ksh 450 zimeenda kwa ada peke yake. Hiyo ni unga wa siku kadhaa. Chama cha mtaani kinachotoza asilimia 10 kwa mwezi kingekula Ksh 600 kwa muda huo huo.

Tatizo kubwa zaidi ni tarehe. Mkopo una siku yake ya kulipwa, lakini malipo yaliyochelewa hayana. Ukikopa ukiahidi kulipa "Inua Jamii ikiingia", umefunga ahadi ya kulipa tarehe 30 kwa pesa ambayo inaweza kuja miezi miwili baadaye. Kama ni lazima ukope, kopa kiasi ambacho kibarua chako peke yake kinaweza kulipa. Mkopo wa dukani, ambapo mwenye duka anakujua na haongezi riba, mara nyingi ni nafuu kuliko wa simu. Nenda umwambie ukweli kabla deni halijakua.

Kuna jambo lingine ambalo huwashangaza wateja. Kama laini unayolipiwa ina deni la overdrafti, pesa yoyote inayoingia inaweza kukatwa deni hilo kwanza. Mtu anapata ujumbe wa Ksh 2,000, akiangalia salio anakuta Ksh 900, anaanza kulaumu wakala au serikali. Ukiwa unangoja malipo, epuka overdrafti kwenye laini hiyo. Kama tayari una deni, jua ni kiasi gani, ili siku pesa ikiingia ujue itabaki ngapi na uipangie.

Na ukishindwa kulipa kwa wakati, una ulinzi. Kanuni za Benki Kuu ya Kenya za mwaka 2022 kuhusu wakopeshaji wa kidijitali zinakataza mkopeshaji kukutisha, kukutukana, au kuwatumia ujumbe watu walio kwenye orodha ya namba za simu yako ili kukuaibisha. Deni bado ni lako, lakini huna haja ya kuvumilia matusi. Hifadhi meseji hizo kama ushahidi.

Wakora wanajua kwamba unangoja

Malipo yakichelewa, simu za matapeli huongezeka. Mtu anayengoja kwa hamu huamini haraka. Wanakuja kwa njia hizi.

Anakupigia akisema yuko "ofisi ya Inua Jamii Nairobi", pesa yako imekwama, tuma Ksh 300 ya kuifungua. Kumbuka: kusajiliwa ni bure, kurekebisha jina ni bure, na hakuna malipo ya serikali yanayofunguliwa kwa kutuma pesa kwanza.

Anakutumia meseji yenye kiungo, anakuomba ujaze namba ya kitambulisho na PIN ili "uhuishe taarifa". PIN yako ni yako peke yako. Serikali haiihitaji. Sisi hatuihitaji. Wakala haihitaji. Mtu yeyote akiiuliza, kata simu.

Anakuambia amekutumia pesa kimakosa, na kuna ujumbe unaofanana na wa malipo. Angalia salio lako, usiangalie ujumbe. Kama salio halijaongezeka, hakuna kilichotumwa.

Kuna pia wizi wa karibu, ambao watu huona aibu kuutaja. Kijana wa nyumbani anayejua PIN ya nyanya, anatoa pesa usiku na kufuta meseji, kisha kila mwezi anasema, "Bado haijaingia, nyanya." Mzee anaamini serikali imechelewa. Ukiwa unamsaidia mzee, mwonyeshe namna ya kuangalia salio mwenyewe, au mwende naye kwa wakala pamoja na mtu wa pili. Na kama wewe ndiye mzee na una shaka, uliza jirani wa kundi lako kama amelipwa, kisha piga simu kwa huduma ya wateja uulize orodha ya malipo yaliyoingia kwa laini yako. Hiyo tunaweza kukupa, ukithibitisha kwamba laini ni yako. Halafu ubadilishe PIN.

Si fadhila, ni haki

Watu wengi huogopa kuuliza kwa sababu wanaona kama wanaomba msaada. Kifungu cha 43 cha Katiba ya 2010 kinasema kila mtu ana haki ya hifadhi ya jamii, na kwamba serikali itawapa hifadhi hiyo wale wasioweza kujikimu wao na wanaowategemea. Kifungu cha 47 kinasema maamuzi ya ofisi za serikali yafanywe haraka, kwa ufanisi, kisheria na kwa haki, na kwamba mtu anayeathirika na uamuzi ana haki ya kupewa sababu kwa maandishi. Kwa hivyo jina lako likisimamishwa, kuuliza sababu si ukorofi.

Kuna pia Sheria ya Kupata Habari ya mwaka 2016. Ukiandika barua ukiomba kujua hali ya malipo yako, ofisi inatakiwa kukujibu ndani ya siku 21. Barua ya ukurasa mmoja kwa Kiswahili inatosha. Baki na nakala. Usipojibiwa, unaweza kupeleka malalamiko kwa Tume ya Haki ya Utawala, ambayo wengi wanaijua kwa jina la Ombudsman, bila kulipa kitu. Mbunge wako na mwakilishi wa wadi pia wanaweza kuuliza kwa niaba ya kundi, na hapo ndipo daftari lako linasaidia: watu 20 wenye tarehe zilizoandikwa ni vigumu kupuuzwa.

Kuchelewa kwa wote hakutatuliwi na mtu mmoja mmoja, lakini si jambo la mbinguni pia. Machi 2020, ugonjwa wa korona ulipoingia, Rais Uhuru Kenyatta alitangaza Ksh bilioni 10 zaidi kwa ajili ya wazee, mayatima na wengine wenye uhitaji kupitia mpango huu. Serikali hutanguliza kile inachoona ni cha dharura. Kwa mlezi wa kibarua, mwezi wowote bila malipo ni dharura, na ni vizuri wanaopanga bajeti wausikie ukweli huo kutoka kwa wanaolipwa.

Fanya haya kabla ya malipo yajayo

Piga simu kwa huduma ya wateja uhakikishe laini yako imesajiliwa kwa jina na kitambulisho chako. Linganisha herufi kwa herufi na jina lililo kwenye kadi yako ya Inua Jamii au karatasi ya usajili.

Tumia laini hiyo walau mara moja kwa mwezi, hata kwa kununua airtime ya Ksh 10, isije ikafungwa.

Anza daftari la malipo. Kurasa mbili zinatosha: tarehe, kiasi, miezi, njia iliyotumika, na aliyetoa.

Kaa na familia mtaje mpokeaji wa pili, mtu mzima anayeishi na watoto. Kama hajaandikwa, ulizeni ofisi ya jamii namna ya kumwandikisha mkiwa bado wazima.

Tafuta vyeti vya kuzaliwa vya watoto wote sasa. Anayekosa cheti, anza mchakato wake wiki hii, kwa sababu hicho ndicho kikwazo kinachochukua miezi.

Weka hizo karatasi zote pamoja na nakala zake kwenye bahasha moja ya plastiki, mahali ambapo hata mtoto mkubwa wa nyumbani anajua. Siku mlezi akilazwa hospitalini au akifariki, yule atakayebaki na watoto ataanza kufuatilia akiwa na kila kitu mkononi, na watoto hawatakaa miezi sita bila malipo kwa sababu ya karatasi moja iliyopotea.